Ngome Kongwe ilipohamia kushoto

Mwaka 2022 mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe alileta karakanani kwetu, tunapochapa picha kwenye bilauri, kazi ya bilauri za ukumbusho. Alitaka mandhari ya Forodhani izunguke bilauri, mji ukitazamwa kutoka baharini. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kale la Sultani, ilikuwa imeshaporomoka, Desemba 2020, na wateja wa duka wakiulizia jumba likiwa zima. Mchoro alikuja nao tayari: jina la Zanzibar juu, mstari wa miaka chini.

Aliyegundua kasoro hakuwa mchapaji. Nahodha mmoja mstaafu, aliyekuwa amejikalia barazani na kahawa yake, aliupokea mchoro akautazama kwa muda.

"Mwanangu, mji huu ni wa wapi?"

"Si hapa hapa Forodhani, mzee wangu?"

"Ukija na jahazi, Beit el Ajaib iko mbele yako. Ngome Kongwe mkono wa kulia, kasri mkono wa kushoto, na kushoto zaidi, kuelekea bandarini, jengo la Tharia Topan. Mchoraji huyu Ngome kaipeleka kushoto."

Kweli, mji mzima ulikuwa umegeuka, kulia kuwa kushoto kama kwenye kioo. Hutokea sana mchoro ukinakiliwa kutoka kwenye negativu (filamu ya picha) iliyowekwa nyuma mbele: maandishi huongezwa baadaye, kwa hiyo yanasomeka vizuri na hakuna anayeshuku majengo. Dawa yake ni kugeuza tabaka la picha peke yake na kuacha maandishi.

Nahodha hakuishia hapo. Majini palichorwa milingoti mitatu ikichomoza bila meli. Hiyo ni Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa nzima. Milingoti ilibaki juu ya maji hadi mabaki yalipovunjwa mwaka 1912. Nyuma yake Beit el Ajaib ilikuwa na mnara wake wa saa kwenye uso wa jumba, nao ni wa 1897. Kabla ya hapo mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukaharibiwa na mizinga ile. Kufikia hapo picha ilikuwa sawa, ya kati ya 1897 na 1912. Kilichoharibu ni bustani ya Forodhani iliyochorwa mbele, ya miaka ya 1930. Ilibidi kimoja kitoke. Mwenye duka alichagua kubaki na milingoti, na kwa maoni yangu alichagua vizuri, maana bustani kila mtu anaiona bure.

Kazi yenyewe sasa. Bilauri ilikuwa ya kwenda wima, kipenyo milimita 70, kwa hiyo mzingo wake ni karibu 220. Picha ilikatwa milimita 190, nafasi iliyobaki ikawa ya miaka. Bilauri iliyopanuka juu ingehitaji mchoro wa upinde, la sivyo upeo wa bahari unapinda. Juu tuliacha milimita 20 tupu, kwa sababu rangi ya kuchoma haifai kufika mahali pa mdomo.

Taabu kubwa ilikuwa nguzo za Beit el Ajaib. Roshani zake zimebebwa na nguzo nyembamba za chuma, ghorofa juu ya ghorofa, na jumba likipunguzwa hadi kimo cha kidole gumba nguzo hushikana, rangi inajaa katikati na jumba linakuwa ukuta mtupu. Tukachora upya, nguzo chache, kila nafasi ikiwa pana kuliko mstari wenyewe. Chini ya rangi ya buluu ya mchoro tukaweka tabaka la nyeupe, kwani bila hilo ukimimina sharubati ya ukwaju mji wote unapotea.

Picha huchapwa kwanza kwenye stika, na stika hulowekwa kwenye maji kama dakika moja, huteleza juu ya bilauri, kisha maji husukumwa kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni. Povu la hewa lililobaki hupasuka motoni na kuacha tundu. Ndiyo maana zililala usiku kucha zikauke kabla ya tanuri. Moto hupandishwa polepole, tundu la moshi likiwa wazi hadi filamu ya stika iishe kuungua, mpaka nyuzi 580 hivi. Ukizidisha, ukingo unalegea; ukipunguza, rangi inakwanguka kwa kucha. Kupoa nako kusiharakishwe, tanuri ikifunguliwa mapema bilauri hupasuka kitako.

Mabishano ya mwisho yalikuwa juu ya miaka. Mwenye duka alitaka 1883 ya ujenzi wa Beit el Ajaib, 1896, 1897, na 2000 mji ulipoingia kwenye Urithi wa Dunia. Nahodha akadai 2020.

"Mzee, nani atanunua nyumba iliyoanguka?"

"Atakayenunua ataiona mwenyewe akitoka dukani kwako."

Ikaongezwa, kwa herufi za ukubwa uleule.