Ukimya alioishi nao Mama Teresa

Watu wanaoniambia kwamba Mungu amewanyamazia huongeza mara nyingi, kwa aibu, kwamba huenda imani yao ni haba. Natamani sana wamfahamu Mtakatifu Teresa wa Kalkuta kwa upande huu wa maisha yake, kwa sababu ukimya huo aliishi nao kwa karibu miaka 50.

Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa ndani ya treni kuelekea Darjeeling, alipokea wito wa kuwatumikia maskini kuliko wote, na katika miezi iliyofuata sala yake ilijaa faraja. Lakini alipoianza kazi yenyewe katika vitongoji duni vya Kalkuta, faraja ile ilitoweka. Barua alizowaandikia viongozi wake wa kiroho, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zinaeleza utupu na uchungu wa kuhisi kwamba Mungu hamtaki. Mwezi Oktoba 1958, alipokuwa akimwombea marehemu Papa Pio XII, giza hilo liliondoka, kisha likarudi baada ya wiki chache tu. Wakati huo wote aliendelea kuabudu Ekaristi na kuwahudumia waliokuwa wakifia barabarani, na masista walioishi naye hawakujua alichokibeba.

Aliyemsaidia zaidi ni Padre Joseph Neuner, Mjesuiti, aliyemweleza mwaka 1961 kwamba ile kiu yake ya kumtaka Mungu ilikuwa yenyewe ishara ya kuwapo kwa Mungu moyoni mwake. Naamini neno hilo linawahusu hata wale ambao sala zao ni fupi na kavu, maana mtu asiyemjali Mungu hasumbuliwi na ukimya wake. Katika vikanisa vya Wamisionari wa Upendo, shirika la kitawa alilolianzisha Mama Teresa, kando ya msalaba, yameandikwa maneno ya Yesu: “Naona kiu.” Aliyeyasema ndiye aliyelia pia, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?”, akiendelea kumwita “wangu” yule aliyeonekana kumwacha. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kulia hivyo ni kukosa imani.

Tangu mama yangu alipougua nimekuwa nikisali bila kuhisi lolote, na sala inayonifaa zaidi ni Zaburi ya 88. Nyingi kati ya zaburi za maombolezo hugeuka mwishoni kuwa shukrani, lakini hii humalizikia gizani, bila jibu, ingawa mwombaji amelia mchana na usiku mbele za Mungu anayemwita Mungu wa wokovu wake. Kanisa limeiweka katika sala ya kabla ya kulala kila Ijumaa bila kuilainisha, na mara tu baada ya mstari ule wa mwisho wa giza, wanaosali hutamka pamoja: “Atukuzwe Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu.”