Daftari la wakala

Jamani mawakala wenzangu wa pesa za simu, daftari la miamala msiliache wazi pale kaunta. Juzi dada mmoja mteja wangu kaja analia, kuna mtu anamsumbua usiku kucha simu na meseji, kumbe jamaa alisimama nyuma yake kwenye foleni akanakili jina na namba kwenye daftari langu, lilikuwa limefunuliwa tu hapo na kalamu juu yake. Iliniuma sana aisee. Sasa hivi naandika mwenyewe, daftari linakaa droo, namba ya mteja siitamki kwa sauti, namgeuzia simu ahakiki. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu hata sisi wa vibanda. Yule dada kabadilisha laini, namba aliyokaa nayo miaka 6.