Kibanja nilikiambukiza mwenyewe

Mgomba ukianza kuugua mnyauko, huanza na jani moja. Linalegea kama limemwagiwa maji ya moto, linageuka manjano, na usipojua utadhani ni jua. Mimi nilidhani ni jua. Ilikuwa mwaka 2012, huku kwetu Muleba, mkoani Kagera, kwenye kibanja alichoniachia baba, na mgomba wenyewe ulikuwa kama hatua kumi tu kutoka kaburi lake.

Kwa asiyetoka Kagera niseme kidogo. Kibanja si shamba la kwenda asubuhi na kurudi jioni. Nyumba imo humo ndani, migomba imeizunguka, mibuni imejipenyeza katikati, maharage yako chini, na wazee wetu tumewazika humo humo. Kwetu mtu akila ugali akashiba, ukimuuliza atakwambia leo hajala, maana chakula ni ndizi. Basi ndizi zilipoanza kuiva kabla ya kukomaa, ukizipasua zina madoa ya kutu ndani, na shina ukilikata linatoa usaha wa manjano, nilihisi kama nyumba yenyewe inaoza.

Nilimuuliza Mungu kwa nini, tena si kwa upole. Nilikuwa mzee wa kanisa, sadaka natoa, jumuiyani sikosi. Jirani yangu wa upande wa juu, asiyekanyaga kanisani hata Krismasi, mikungu yake ilikuwa minene kama kawaida. Mhubiri mmoja mpita njia aliingia akatazama, akasema kuna laana ya ukoo, akataja na bei ya mafuta ya kuiondoa. Namshukuru mke wangu aliyemsindikiza hadi barabarani. Wale rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na ninavyoona mimi, hiyo ndiyo kazi pekee nzuri waliyoifanya. Mhubiri wetu hakuweza hata dakika saba.

Kisha akaja bwana shamba, kijana mpole. Aliinama akakata shina moja, akasubiri usaha utoke, akaniangalia.

"Mzee, panga unalotumia ni hili?"

"Ndilo."

"Ukitoka kwenye mgomba mgonjwa kwenda kwenye mzima, unalifanyaje?"

"Nalifuta kwa jani."

Alinyamaza. Naye alikuwa na haki ya kunyamaza, maana yeye mwenyewe alishatufundisha pale ofisi ya kijiji: panga lichovye kwenye maji yenye Jik au lipitishe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na ua dume, lile tumba la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, livunje kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata, kwa sababu wadudu wanaolitembelea ndio wanaobeba vijidudu vya ugonjwa. Tangu 2006 mnyauko ulipoingia Kagera, maneno hayo yalikuwa yamesemwa mpaka yakachuja. Nilikuwepo kwenye kikao, hata soda nilikunywa. Ila baba hakuwahi kuogesha panga maisha yake yote, na mikungu yake ilihitaji wanaume wawili kuibeba. Nikaona haya ni mambo ya vijana wa ofisini.

Kwa hiyo nilikuwa nimezunguka kibanja kizima, mgomba kwa mgomba, nikipandikiza ugonjwa kwa mkono wangu, huku jioni nikipiga magoti kumuuliza Mungu kwa nini. Kibaya zaidi, panga lile nilikuwa nimemwazima jirani wa upande wa chini. Siku nne alikuwa nalo.

Hapo ndipo imani yangu ilipopata shida yenyewe. Mtu mwenye hasira na Mungu bado anazungumza naye, na Zaburi zimejaa watu wa namna hiyo. Aibu inaziba mdomo. Jumuiyani nikaacha kwenda, kwa kisingizio cha mgongo. Kuamini kwamba Mungu anampenda mtu aliyepatwa na msiba, hilo niliwahi kulisema kwenye matanga mengi, tena kwa sauti nzuri. Kuamini kwamba anampenda mtu aliyeuleta msiba kwa kiburi, akaupeleka na kwa jirani, kwa hilo sikuwa na hotuba.

Mama alikuwa bado hai. Yeye ni wa kizazi cha uamsho, ule uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaja mpaka huku kwetu Buhaya, na watu wa uamsho wana desturi wanayoiita kutembea nuruni: ukikosa, unasimama mbele ya wenzako unasema. Nilipokuwa kijana desturi hiyo ilinitia haya. Nilishawahi kumsikia mwanamke mtu mzima akiungama kuwa alichukua kuni tatu za mwenzake. Kuni tatu! Tulicheka njia nzima.

Mama hakuniambia kwamba Mungu ana makusudi yake. Aliniambia nimletee Biblia, na kwa kuwa macho yake yalikuwa yameshachoka, akanitaka nisome mwenyewe Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 3, mstari wa 20. Nikasoma: mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote.

"Rudia hapo mwisho."

"Naye anajua yote."

"Basi," akasema. "Habari ya panga lako aliijua kabla ya bwana shamba. Wiki ile ile unazunguka nalo, alikuwa anakupenda. Unamficha nini sasa?"

Tangu shule ya Jumapili nilikuwa nikisikia kwamba Mungu anajua yote kama mtu anavyosikia kwamba kuna askari barabarani. Sikuwahi kusimama pale kwenye mstari na kuona umesemwa kwa ajili ya mtu ambaye moyo wake unamshitaki. Kumbe kinachotuliza ndicho hicho, kwamba hakuna tena habari mbaya juu yangu itakayomfikia baadaye abadilishe mawazo. Sikulia wala sikuruka. Nililala usiku ule, jambo ambalo sikuwa nimelifanya vizuri kwa muda mrefu.

Kesho yake nikashuka kwa jirani. Nilimkuta anapukuchua maharage. Nikamweleza yote, habari ya panga, ya kikao, hata ya kulifuta kwa jani. Hakuinua kichwa. Alimaliza yaliyokuwa kwenye ungo, akasema, "Nenda kwanza." Nikaenda. Natamani ningeweza kuandika kwamba alinikumbatia, lakini ilipita wiki ya tatu bila salamu, na katika wiki hizo ndipo nilipoelewa kwamba msamaha wa Mungu na wa jirani havisafiri kwa basi moja. Ule wa kwanza ilibidi niushike bila kuuona wa pili.

Wakati huo tulikuwa tunang'oa. Mnyauko hauna dawa. Kwangu ilibidi ling'olewe shina lote na vichipukizi vyake, nami sikuacha hata moja. Kila jembe lilipoingia nilikuwa nasema sala fupi, maana ndefu ilinishinda: "Wewe unajua." Mara nyingine niliisema kwa uchungu, mara nyingine kwa kuchoka tu. Nadhani zote alizipokea.

Kaburi la baba likabaki wazi juani. Miaka yote lilikuwa kivulini, hata saruji yake ilishaota ukungu wa kijani. Mama alitoka na mwavuli na kigoda, akakaa pale mchana kutwa akitutazama tukichimba. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya kibanja cha mumewe. Akasema, "Sasa namwona vizuri."

Wiki ya nne jirani alikuja na jembe lake begani. Hakusema neno, akaanzia upande uliokuwa mgumu, wenye mawe. Nilikumbuka Katekisimu Ndogo tuliyoikariri kipaimara, pale Luther anapoeleza mkate wetu wa kila siku ni nini. Anataja chakula, nyumba, shamba, mifugo, orodha ndefu iliyokuwa ikituchosha, na karibu na mwisho anaweka majirani waaminifu. Nilikuwa nimepoteza cha juu kwenye orodha, na cha chini kikawa kinachimba mbele yangu kinatoka jasho.

Kungoja ndiko kulikonijaribu zaidi ya kung'oa. Bwana shamba alisema miezi sita isipandwe ndizi. Mwezi wa pili tu mtu alinipa vichipukizi vizuri, vinang'aa, nikavitazama siku nzima vikiwa vimeegemea ukuta. Niliwahi kufikiri kwamba kumtegemea Mungu kungekuwa kuvipanda kwa imani. Siku hiyo niliona kwamba hekima ya Mungu ilishanijia mara moja pale ofisi ya kijiji, mdomoni mwa kijana mwenye daftari, nikaikataa huku nakunywa soda. Nikavirudisha. Tukapanda maharage na viazi vitamu, tukala ugali, tukasema hatujala.

Jumapili ya mavuno mwaka ule wenzangu walibeba mikungu hadi madhabahuni, mimi nikabeba debe la maharage. Kwenye mnada baada ya ibada, jirani akalipandisha bei mpaka watu wakageuka kumtazama, akalinunua, kisha akalitoa tena linadiwe upya.

Migomba imerudi sasa, ingawa haijafikia ile ya baba. Jirani bado anakuja kuazima panga. Anasimama mlangoni, halishiki kwanza, anauliza, "Limeoga?"