Utamu kipokezi kimoja, uchungu 25
Utamu hunaswa hasa na kipokezi kimoja (kinasa ladha kilichopo kwenye seli za ulimi), kilichoundwa kwa protini mbili: T1R2 na T1R3. Uchungu una vipokezi 25 hivi, maana sumu nyingi za mimea ni chungu na mwili haubahatishi. Paka jeni yake ya T1R2 imekufa, haitengenezi protini hiyo, ndiyo maana sukari haimwambii kitu.

Ile ramani ya ulimi, utamu mbele uchungu nyuma, jamani tuiache! Ladha zote hunaswa popote penye vionjio, yaani vikundi vidogo vya seli za ladha.

Jaribu hili: weka chembe chache za chumvi kwenye kikombe cha kahawa chungu isiyo na sukari, ukoroge, uonje. Sodiamu hufifisha uchungu, na utamu uliokuwa umefunikwa hujitokeza. Ukianza kusikia chumvi yenyewe, umezidisha.