Nilivyofuatilia utumishi na kifo cha mpiga bunduki wa Lancaster

Nilitaka kujua, karatasi kwa karatasi, jinsi Andrew Charles Mynarski, Mkanada aliyezaliwa Winnipeg mwaka 1916, alivyotumika katika Vita vya Pili vya Dunia, akiwa mpiga bunduki wa Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza, na alivyokufa Juni 1944. Habari zake ziko wazi kwa kila mtu, ndiyo maana namtumia hapa. Njia niliyopita inamfaa yeyote anayemtafuta mmoja wa wanajeshi wa anga 55,573 wa kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza waliokufa katika vita vile.

Nilianzia kaburini. Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, tume ileile inayotunza makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, husomwa bure mtandaoni. Humo nilipata cheo, namba ya jeshi J/87544, Kikosi cha 419 cha Jeshi la Anga la Kanada, tarehe 13 Juni 1944, na kijiji cha Méharicourt, Ufaransa. Nakili namba kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa jina la Kipolandi kama hili hukosewa kirahisi. Ila namba nayo ina mtego: Mkanada wa vyeo vya chini alianza na R, akifanywa ofisa akapewa mpya ya J. Ukiishia kwenye J utakosa miaka yake ya mwanzo. Faili za Wakanada waliokufa vitani ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Kanada, na humo namba zote mbili hukutana.

Baada ya hapo niliingia kwenye kumbukumbu za operesheni za kikosi, zilizo kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, London, katika mfululizo wa AIR 27. Kila mwezi una karatasi za aina mbili. Fomu 540 ni muhtasari wa siku. Fomu 541 ndiyo yenye uhai: ndege moja moja, wafanyakazi wake wote, saa ya kuruka, saa ya kutua na maelezo mafupi. Kwa ndege isiyorudi, safu ya kutua huachwa tupu. Hapa wengi hupotea kwa sababu ya tarehe. Safari ya usiku huanza siku moja na kuishia nyingine, hivyo ukiwa na tarehe ya kaburi, soma pia siku iliyotangulia. Mynarski aliondoka tarehe 12 kutoka kiwanja cha Middleton St George, Uingereza, kwenda kupiga reli za Cambrai, Ufaransa, akafa tarehe 13.

Namba ya ndege nayo inasema mengi. Yake ilikuwa KB726, na herufi KB zinakuonyesha ni Lancaster iliyotengenezwa Kanada. Ukishaipata, andika majina ya wafanyakazi wake wote saba. Usimfuate mtu mmoja peke yake, kwa sababu kifo chake mara nyingi kimeelezwa katika karatasi za mwenzake.

Kwa Mynarski ndivyo ilivyokuwa. London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, la 11 Oktoba 1946, nalo la bure, lina maelezo ya Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, aliotunukiwa. Nilisoma maelezo hayo huku nikiwa na mchoro wa ndege mkononi, na nakushauri ufanye hivyo. Ndege ya kivita ya adui ilishambulia kutoka chini na nyuma, injini zote mbili za kushoto zikafa. Mfumo wa haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yenye shinikizo, uliozungusha kibanda cha bunduki cha mkiani ulitegemea injini hizo. Pat Brophy, aliyekuwa humo, akajaribu mpini wa mkono, ukavunjika. Kibanda kile kina milango nyuma ya mgongo wa mpigaji, na hautoki mpaka ukizungushe mahali panapofaa. Kikikwama kimepinda, umefungiwa.

Mynarski, mpiga bunduki wa juu, alikuwa ameshaufikia mlango wa kurukia. Akageuka, akapita katikati ya moto kwenda kumtoa mwenzake. Nguo zikashika moto hadi kiunoni. Brophy akamwashiria ajiokoe. Akarudi mlangoni, akasimama wima huku anawaka, akampigia saluti, akaruka. Wafaransa walimwona akishuka, parachuti na nguo vinawaka. Walimkuta, lakini majeraha ya moto yakamuua. Alikuwa na miaka 27.

Kaburi lisikudanganye kuhusu mahali pa ajali. Ndege ilianguka karibu na Gaudiempré, Pas-de-Calais, na Méharicourt iko Somme. Brophy alikuwa bado ndani ilipogonga ardhi, akatoka hai. Wengine watano nao walinusurika.

Wenzake wakiwa wamenusurika, fungua mifululizo miwili zaidi huko Kew: WO 208, yenye ripoti za waliojificha wasikamatwe na Wajerumani, na WO 344, yenye fomu za mateka waliokombolewa. Tafuta kwa majina yao, si kwa jina la marehemu.

Saluti ile ilionwa na Brophy peke yake. Kama naye angekufa, safu ya saa ya kutua ingebaki tupu vilevile, na hakuna karatasi hata moja ambayo ingeeleza kwa nini mtu aliyekuwa ameshaufikia mlango alichelewa kuruka.