Kuuandaa Udongo Mweusi wa Kitengela kwa Mawaridi

Mwaka wa kwanza nilipohamia Kitengela, mji ulio karibu na Nairobi, nilichimba mashimo sita ya kina cha sentimita 60, nikayajaza mboji na udongo mwekundu ulioletwa kwa lori, kisha nikapanda mawaridi. Masika ilipokolea, kila shimo liligeuka bakuli, kwani maji yalipenya upesi kwenye udongo laini, yakafika kwenye kuta za mfinyanzi na kukosa pa kwenda. Nilipong'oa mche wa kwanza ulionyauka, ganda la mizizi lilibanduka vidoleni, jeusi, likinuka kama tope la bwawa.

Udongo mweusi wa hapa hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, hata ifikapo Februari nyufa zake humeza mkono. Rutuba unayo, unachokosa ni hewa. Ndiyo maana siku hizi sichimbi mashimo, bali napandisha kitalu kizima juu.

La kwanza ni kungojea wakati wake. Ukilimwa ungali umelowa, hukandamana ukawa kama tofali, na ukikauka kabisa jembe hudunda. Baada ya mvua kukatika nasubiri siku kadhaa, nachukua bonge na kulifinya: likinyumbulika kama unga uliokandwa wa chapati, naahirisha, likimeguka nikilisukuma kwa dole gumba, naanza. Natifua kwa jembe uma hadi sentimita 30, nikiyaacha mabonge bila kuyasaga, kisha natandaza samadi ya boma iliyooza vyema, unene wa sentimita 10, na kuichanganya. Juu yake nainua tuta la sentimita 30 pamoja na mboji, na pembeni nachimba mtaro unaoteremka kuelekea nje ya kiwanja.

Wengi hushauri kuongeza mchanga. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mchanga kidogo hushikana na mfinyanzi ukazidi kuwa mgumu, na kiasi cha kuubadilisha kweli hakibebeki. Jasi nayo, madini yenye kalisiamu na salfa, hufaa hasa pale ambapo udongo una sodiamu nyingi, kwa hiyo upimwe kwanza. Kipimo hicho kitaonyesha pia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali: waridi hupenda 6 hadi 6.5, ilhali udongo mweusi mara nyingi hupita 7, na hapo majani machanga huwa manjano huku mishipa ikibaki kijani kwa kukosa madini ya chuma.

Tuta likishatulia kwa wiki chache, napanda mvua za vuli zinapoanza, kisha nafunika kwa nyasi kavu nikiziweka mbali kidogo na shina, ili kiangazi kikija nyufa zisiikate mizizi.