Siku Moja Kabla ya Kukabidhi Ufunguo

Saa 12 asubuhi nimeshafungua mlango wa nyumba niliyoinunua kwa mkopo, nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha, ambayo mpangaji anahamia kesho. Wengi hudhani kwamba mwenye nyumba hukaa tu akingoja kodi, nami natamani wangeiona siku hii.

Kufikia saa 3 nilikuwa nimepiga picha kuta, sakafu, vitasa na vioo vyote na kuzitia tarehe, kwa kuwa siku ya kuhama ndizo zitakazoonyesha ni kiasi gani cha amana kinastahili kurudishwa.

Saa 4 nilifunga koki zote nikaenda kuitazama mita ya maji. Kigurudumu chake chekundu kilikuwa kinazunguka, polepole lakini bila kukoma. Maji yalikuwa yakipotea mahali nisipopaona.

"Nipo njiani, mama, dakika 10 tu," alisema fundi bomba. Saa 6 alisema vivyo hivyo, na saa 8 hakupokea simu. Nilifunga koki kuu, nikapiga magoti chini ya sinki na tochi mkononi, nikipapasa bomba moja baada ya jingine, mpaka nilipobonyeza ubao wa nyuma ya kabati na kidole kikazama. Mkaguzi niliyemlipa kabla ya kununua aliandika kwamba mabomba ni mazima. Hakulifungua kabati lile, na mimi, nasikitika kusema, sikumwuliza. Nilisoma tena mkataba wa bima, ile ya nyumba ya kupangisha niliyoichukua kwa sababu bima ya mtu anayeishi kwake huenda isilipe akikaa mpangaji. Unafidia bomba likipasuka ghafla. Maji yanayovuja kidogo kidogo kwa miezi hayamo. Ubao ule ni gharama yangu, na marejesho ya benki hayasubiri.

Fundi alifika jua likielekea kuzama. Kazi yenyewe, kubadilisha mpira uliochakaa kwenye kiungio, haikumchukua hata nusu saa. Magoti yalikuwa yakiniuma, lakini nilifungua koki kuu nikarudi kwenye mita, nikakikodolea macho kile kigurudumu kwa muda mrefu. Kilikuwa kimetulia. Nikazinakili tarakimu za mita kwenye fomu ya makabidhiano, juu ya mstari ambapo kesho tutatia saini sote wawili.